Lorraine Sugden na Mifuko ya Khaki ya Siku za Safari

Bi. Lorraine Sugden anastaafu leo, Ijumaa tarehe 18 Julai 2025, baada ya kulitumikia jiko la Shule ya Msingi ya Scarbeck Lane kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Aliajiriwa Machi 1994 kuosha masufuria. Anaondoka akiwa mpishi mkuu. Katika muda wote huo alikosa kazini siku kumi na moja, na tisa kati ya hizo ni za mwaka ule theluji ilipofunga barabara ya kilimani, ambapo hata mwalimu mkuu hakufika.

Nimeombwa niandike wasifu huu na kuwasomea kwenye hafla hii kwa kuwa nimesimama naye kwenye meza moja kwa miaka kumi na tisa. Nimeambiwa pia uwe mchangamfu, na usizidi ukurasa mmoja. La ukurasa limenishinda, kama mnavyoona. La uchangamfu nitajitahidi. Lakini sitamvika mwenzangu kilemba cha ukoka siku yake ya mwisho, wala sitajifanya sikuiona barua iliyobandikwa kwenye mlango wa jiko wiki iliyopita. Nitaifikia.

Lorraine alizaliwa mtaa wa pili kutoka hapa, nyumba ya mwisho kabla ya daraja. Baba yake alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha sufu, na kwa miaka ishirini na sita alibeba chakula cha mchana cha aina moja: vipande viwili vya mkate vilivyopakwa mafuta ya nyama ya jana. Mzee huyo alikuwa akisema kwamba bila gazeti asingejua leo ni Jumatatu au Alhamisi. Watu walicheka. Lorraine anasema yeye hakuwahi kucheka, maana aliuona uso wa baba yake akifungua ule mkate.

Wageni wa jiko letu humkumbuka kwa mambo mawili. La kwanza, huimba nyimbo kwa maneno ya kubuni, kwa sauti ya juu, bila aibu. La pili, kila binadamu kwake ni "mpenzi", awe dereva wa lori la viazi au askofu. Afisa wa afya alipokuja kutukagua bila taarifa, Lorraine alimwambia avue viatu kwa sababu ametoka kupiga deki. Akavivua. Alitembea na soksi zake jikoni kwa muda wa saa nzima, akatupa alama za juu kabisa, kisha akaomba kuongezewa pudini.

Sasa nije kwenye mifuko.

Siku za kawaida watoto wetu wote hula ukumbini, sahani moja, meza moja, na hakuna ajuaye mlo wa nani unalipiwa na wazazi na wa nani unalipiwa na serikali. Siku ya safari mambo hugeuka. Watoto wengi huja na visanduku vyao kutoka nyumbani. Walio kwenye orodha ya mlo wa bure hupewa na jiko mfuko wa karatasi ya khaki, umekunjwa mdomo, jina limeandikwa kwa kalamu nyeusi. Ndani yake, nilipoanza kazi mwaka 2006, mlikuwa na sandwichi ya jibini, tufaha moja na chupa ya maji. Kampuni iliyopewa zabuni ya chakula ilikuwa na aina tatu kwenye karatasi: jibini, nyama ya nguruwe na jodari. Jodari hakuwa akifika. Nguruwe haliwi na theluthi nzima ya watoto wetu, ambao ni Waislamu. Kwa hiyo wote wakapewa jibini, muhula baada ya muhula: kipande kimoja kinene kama sabuni, kati ya vipande viwili vya mkate mweupe uliopakwa siagi katikati tu. Kingo zilikuwa kavu mno. Nakiri kwamba mikono iliyopaka siagi hiyo ilikuwa yangu na ya Lorraine, na hatukuona tatizo.

Tuliliona Mei 2008. Darasa la nne lilikuwa linakwenda kuona ngome ya kale, mwalimu msaidizi mmoja akashikwa na mafua, na Lorraine akaombwa aende badala yake. Ilikuwa mara yake ya kwanza kwenda safari. Mchana watoto walikaa kwenye nyasi, na kabla ya kula wakafanya jambo ambalo kila mtoto wa nchi hii hulifanya na kila mtu mzima amelisahau: wakabadilishana. Nusu ya sandwichi ya kuku kwa nusu ya yai. Biskuti mbili kwa soseji baridi. Lilikuwa soko zima, lina madalali na walalamishi. Na pembeni, juu ya ukuta wa mawe, walikaa watoto saba wenye mifuko ya khaki, wakitazama ng'ambo ya pili.

Mmoja wao, msichana wa miaka tisa ambaye nitamwita Shauna kwa kuwa jina lake halisi si letu kulitangaza, aliinuka akautumbukiza mfuko wake kwenye pipa la taka bila kuufungua. Lorraine alimfuata, akamuuliza kama anaumwa. Hakuumwa. Akamuuliza kama ana njaa.

"Ninayo," Shauna alisema. "Lakini sisi wa mifuko hatubadilishani, Bi. Sugden. Nani atataka yetu?"

Lorraine alirudi jioni ile, hakuimba. Alifungua mfuko uliobaki, akatafuna ile sandwichi yote mbele yangu, ukingo mkavu na kila kitu, kisha akaniambia kwamba tumekuwa tukiwafunga watoto kengele shingoni. Sijawahi kuona haya kazini kama nilivyoona siku ile.

Kuanzia hapo alijiwekea kipimo kimoja, na alikishika kwa miaka kumi na saba. Hakuuliza kama sandwichi inashibisha, maana jiwe nalo hujaza tumbo. Aliuliza: je, kuna mtoto mwenye kisanduku atakayeitaka?

Alianza na siagi. "Hadi ukingoni, mpenzi," aliniambia mara elfu, "hadi ukingoni kabisa," kwa sababu siagi huuzuia mkate usilowe na humfikia hata anayeanzia kona. Jibini akaacha kulikata akawa analikwaruza, maana lile lile kidogo likikwaruzwa hujaa mdomo na kukubali kuchanganywa na tufaha na achari ya vitunguu. Tango alilitia chumvi, akalingoja, akalikamua kwa kitambaa. Nyanya hakuiruhusu kukaa ndani ya mkate usiku kucha. Ilisafiri peke yake, mtoto akaitia mwenyewe. Plastiki akaifukuza, kwa kuwa mkate hutoka jasho ndani yake, akarudisha karatasi. Alisema kila sandwichi inataka kitu laini, kitu kinachovunjika menoni na kitu chenye ukali kidogo, na inayokosa kimoja ni adhabu. Mayai ya kupondwa akayachanganya na majani machanga ya haradali, ambayo watoto wa darasa la kwanza waliyaotesha kwenye pamba dirishani. Kuku wa kuoka wa Jumatano, ambaye mabaki yake yalikuwa yakitupwa, akawa sandwichi ya Alhamisi pamoja na ule mchanganyiko wa makombo ya mkate, kitunguu na majani ya seji tunaoupika naye. Yote hayo yalitoka kwenye maghala yetu yale yale, na hakuomba hata kijiko cha ziada.

Makosa yalikuwepo. Juni 2009 alijaribu bitiruti ya kukwaruzwa na jibini laini, ladha safi sana, ila alisahau kuikamua. Darasa la tatu lilikuwa kwenye makumbusho. Mlinzi wa pale, mzee wa watu, akamwona mvulana ametapakaa wekundu kuanzia puani hadi kwenye kola, akapiga filimbi akiita mtu wa huduma ya kwanza. Yule mvulana alipoona anahurumiwa hivyo akaona ni dhambi kuipoteza nafasi, akalala chini na kufumba macho. Walikuja na machela. Iligundulika tu pale mhudumu alipomfuta kidevu na kunusa kitambaa. Watoto walirudi wakidai bitiruti kila wiki, na sisi jikoni tulicheka hadi tukashika meza.

Msimamizi wa kampuni hakucheka. Bw. Colin Threlfall alifika Jumatatu na orodha yake ya aina tatu, akaketi katika ofisi ya mwalimu mkuu wa wakati ule, Bi. Ormerod, na kumwita Lorraine. Nilikuwepo kama shahidi wake. Bw. Threlfall alieleza kwa upole kwamba orodha ni orodha, kwamba mfuko wa safari si mkahawa, na kwamba jambo hili likiendelea kazi ya Lorraine itakuwa mashakani. Mumewe alikuwa amelazwa mwezi ule na mshahara ulikuwa mmoja tu nyumbani. Nilimwona akishika ukingo wa kiti. Halafu, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, akamuuliza msimamizi leo amebeba nini cha mchana.

Bw. Threlfall alisema ana nyama ya ng'ombe na haradali. Akaulizwa jana. Jana alikuwa na kuku. Juzi? Juzi hakuikumbuka vizuri, pengine samaki.

"Basi, mpenzi," Lorraine alisema, "nyumbani kwako kuna mtu anayekuwazia. Niache na mimi niwawazie hawa."

Aliandikiwa barua ya onyo hata hivyo. Bi. Ormerod aliipokea nakala yake, akaitia kwenye droo pamoja na vibanio vya karatasi, akasema jiko ni la shule na watoto ni wa shule. Lorraine aliondoka ofisini, akaenda kukamua matango. Wale wanaosema alikuwa jeuri hawakumwona alivyokishika kile kiti.

Mwaka 2011 alijiunga nasi Bi. Shaheen Mirza. Siku yake ya kwanza, saa ya chai, Lorraine alikuwa na mkate wa mayai na Shaheen alikuwa na chapati iliyokunjwa, ndani yake dengu zilizopondwa na jira, ndimu na nanaa. Walitazamana, wakabadilishana nusu kwa nusu. Wiki iliyofuata dengu zile zilikuwa ndani ya mifuko ya darasa la sita, na kwa mara ya kwanza watoto wa Kiislamu walipata kitu kilichotengenezwa kwa ajili yao, baada ya miaka ya kupewa kile kilichobaki nguruwe akiondolewa. Mimi niliyekulia hapa na kula nyanya ya kopo kama kiungo kikali kuliko vyote, nilikula tatu.

Kisha ikaja safari ya pwani ya 2012. Nilikwenda mimi. Tulikaa mchangani, upepo ule wa kwetu ukituvua kofia, soko la kubadilishana likaanza. Mvulana mmoja mwenye kisanduku cha bei mbaya alisogea hadi kwa mtoto wa mfuko wa khaki, akamwonyesha biskuti mbili za chokoleti, akaomba nusu ya sandwichi yake ya kuku. Mwenye mfuko alifikiri kwanza. Akamwambia aongeze ya tatu.

Nilimpigia Lorraine simu kutoka kwenye ukuta wa bandari. Shaheen ananiambia aliposikia alikaa juu ya gunia la viazi akalia kwa kwikwi, halafu akainuka akakaripia watu kwamba maharagwe yanaungua.

Baada ya hapo wazazi wakaanza kupiga simu wakitaka mwanao naye apewe mfuko wa shule siku ya safari. Tangu 2016 mtoto yeyote ameweza kuuomba. Safari ya mwezi uliopita, kati ya watoto tisini wa darasa la tano na la sita, sitini na mmoja walibeba mifuko ya khaki, na nani yuko kwenye orodha na nani hayupo hakuna aliyejua, walimu wakiwemo. Hilo ndilo alilolifanya Lorraine Sugden. Wengine wanastaafu wakiacha jengo lenye jina lao. Yeye ameacha watoto wasiotambulika kwa karatasi.

Na sasa barua ya mlangoni.

Inasema kwamba kuanzia Septemba mifuko ya safari haitatengenezwa tena hapa. Itatoka kwenye kiwanda kikuu cha kampuni, imegandishwa, aina moja, jibini, na itatolewa kwa walio kwenye orodha peke yao. Wengine waje na vyao. Sababu iliyotolewa ni kurahisisha kazi "kufuatia kustaafu kwa mpishi mkuu". Yaani hawakuthubutu kuligusa jambo hili akiwa amesimama jikoni, wakangoja avue aproni. Imebandikwa kwa gundi mbele ya macho yake, wiki moja kabla ya kumwimbia nyimbo na kumpa maua.

Hasira hasara, najua. Mama yangu aliniambia hivyo tangu utotoni, na nimejaribu kuandika aya hii mara nne kwa adabu. Imekataa. Nimeionja sampuli waliyotuletea. Kingo zimelowa, katikati kuna barafu, na ile siagi haipo hata katikati. Lakini ingekuwa tamu kama asali bado ningekasirika, kwa sababu ubaya wake mkubwa haumo kwenye mkate. Umo kwenye hilo neno "peke yao". Wakubwa wameketi mahali, wameshiba, wakaamua kwamba watoto maskini wa Scarbeck warudi juu ya ukuta wa mawe, na wakaliita jambo hilo kurahisisha. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wala hamjui mtoto mwenye njaa anayeona heri kubaki nayo kuliko kufungua mfuko wake mbele ya wenzake.

Nilimweleza Bw. Threlfall, ambaye siku hizi ana cheo kikubwa na ambaye amefanya hisani ya kuja leo. Nilimpigia simu mwenyewe. Alinisikiliza, akasema, "Hazel, mpenzi, ni sandwichi tu." Bwana, kama ni sandwichi tu, mbona mmeshindwa kuiacha?

Kwa hiyo naomba wazazi, walimu na wajumbe wa bodi mlio hapa mpokee taarifa ifuatayo, ambayo haikuwemo katika ratiba. Jana mimi na Shaheen Mirza tuliandika barua kwa bodi ya shule na kwa kampuni, tukatia sahihi zetu. Mifuko hiyo ya kiwandani hatutaigawa. Hatugomi, tutafika saa moja asubuhi kama kawaida, na siku ya safari tutatengeneza mifuko ya kila mtoto atakayeomba kama tulivyofundishwa. Anayetaka watoto wapewe ile mingine na aje mwenyewe siku ya safari, asimame mlangoni mwa basi, aite majina ya walio kwenye orodha kwa sauti, ampe kila mmoja mfuko wake mkononi huku akimtazama machoni. Tutampisha njia. Nafasi ya mpishi mkuu nimeiomba mimi, na barua za onyo zianze kuletwa, droo ipo.

Lorraine, uliniomba nisiyaandike haya. Ulisema nitaje mbwa wako na bustani yako, nishukuru watu, nikae. Mbwa wako ni mnene na bustani yako imejaa konokono. Tunakushukuru kwa miaka thelathini na mmoja ya kuwawazia watoto wa watu. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na siku nyingi pamoja na mumeo ambaye amekungoja vya kutosha. Kuanzia saa tisa na nusu leo wewe si bosi wangu tena, na huna namna ya kuninyamazisha.

Hazel Barraclough
Mpishi msaidizi